Chupa Sita Nilizorudisha Tupu

Bwana asifiwe, nyumba ya Mungu! Asifiwe na ninyi wa viti vya mbele, asifiwe na wenzangu wa nyuma karibu na mlango, maana huko ndiko ninakokaa kila Jumapili, na leo nimetembea njia yote mpaka hapa mbele.

Kwa wageni, mimi naitwa Faida. Kwetu Uvira dada mkubwa huitwa yaya, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa katika nyumba yetu, nusu ya kanisa hili mmezoea kuniita Yaya Faida, hata ninyi mnaonizidi umri. Ninakaa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja, na kazi yangu ni kiwandani, karibu na uwanja wa ndege, tunakofunga nyama ya kuku. Shule niliiachia darasa la tano. Sijazoea kusoma mbele za watu, kwa hiyo nikikwama mnivumilie. Lakini leo ni lazima nisome, nisiseme tu kama moyo unavyonituma.

Ndugu zangu, kila neno lililo kwenye karatasi hii, mdogo wangu Mapendo amelisoma kwanza. Niliituma kwa posta, ikarudi kwa posta, na kalamu yake nyekundu imepita juu yake kama mwalimu. Amesahihisha tahajia zangu, na mistari minne ameikata kabisa. Mahali alipokata nitanyamaza kidogo, kisha nitaendelea. Msiniulize kilichokuwepo.

Nianze mbali.

Baba alikufa vitani. Mama akatuvusha ziwa mpaka Tanzania, na huko kambini akaugua, akatuacha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kaka yenu Bahati, huyu mnayemjua anaendesha lori kutoka Brampton, alikuwa na minane. Mapendo alikuwa na miwili, bado ananyonya kidole. Baada ya maziko mwalimu alikuja kuniita. Nikamwambia, "Mwalimu, nikija darasani, huyu nani atambeba?" Akasema nije naye. Nikaenda naye siku tatu. Siku ya nne Mapendo alilia mpaka darasa zima likashindwa kusoma. Tukatoka nje wawili, na mimi sikurudi tena.

Sikuumia siku ile, msinielewe vibaya. Kuumia kulikuja baadaye, na mtaona kulivyotoka.

Mliopita kambini mnajua habari ya bidoni ya manjano, lile dumu la maji. Ukiiacha juani tangu asubuhi, alasiri maji yake yana uvuguvugu. Hayo ndiyo niliyomwogeshea Mapendo. Alipoanza kuwa msichana ikabidi aoge mwenyewe, na bafu letu la nyasi lilikuwa limebomoka kwa mvua. Basi nikafanya kama dada wote wa kambini wanavyofanya: nilimshikia kitenge. Kilikuwa kitenge cha Mama, cha bluu chenye maua ya manjano. Unasimama umempa mgongo anayeoga, unanyoosha mikono miwili, uso wako unatazama njia wanakopita watu. Sheria ni hii: mwenye kushika hageuki kutazama, wala hakishushi mpaka ameambiwa. Mapendo alikuwa na maringo ya kuoga! Anaimba, anamwaga maji kidogo kidogo, mimi nimesimama na kitenge.

"Mapendo, unaoga au unabatizwa?"

"Bado, Yaya!"

"Mikono yangu inakatika!"

"Bado kichwa!"

Kisha mwishowe anaita, "Tayari, Yaya!" Hapo ndipo nashusha. Ndugu zangu, kwa miaka yote ile sikukishusha kitenge hata mara moja kabla ya neno lile. Mungu ni shahidi wangu.

Tukaja Kanada. Mapendo akasoma, akamaliza, akapata cheti cha kuhudumia wazee. Siku aliyopokea cheti nilikibusu kama Biblia. Tulikuwa tunaishi pamoja, mimi na yeye, chumba kimoja cha kulala na sebule, na hapakuwa na neno lake nisilolijua.

Jioni moja nikiwa nakaanga ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, aliingia jikoni, akazima feni ili nimsikie, akaniambia jambo lake. Lilikuwa jambo la mwili na la daktari.

Hapa amekata mstari wa kwanza. Nanyamaza.

Alipomaliza aliniambia, "Yaya, hili ni letu wawili." Nikamjibu, "Letu wawili." Nikamshika kichwa, tukalia, ndagala wakaungua.

Jumapili iliyofuata nilisimama hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki hiki. Wengi wenu mlikuwepo. Ulikuwa wakati wa shuhuda na mahitaji. Roho yangu ilikuwa imelemewa, na mimi nimelelewa kuamini kwamba mzigo mzito hubebwa na kanisa lote. Nikasema jambo la Mapendo. Nililisema lote, kwa jina lake, nikilia, na ninyi mkanyoosha mikono kuelekea kiti alichokalia. Nilifunga macho. Nilipoyafungua kiti kilikuwa kitupu.

Nikasema moyoni, adui amemkimbiza! Hivyo ndivyo nilivyofikiri, ndugu zangu. Sikufikiri kwamba ni mimi.

Mnajua ibada yetu hurushwa kwenye simu. Kabla basi la Kipling halijanifikisha nyumbani, kipande kile kilikuwa kimeshafika kambini, kimefika Bujumbura, kimefika kwa binamu zetu Australia. Mama mmoja ambaye Mapendo hamjui hata kwa sura alimpigia kumwelekeza siku za kufunga na majani ya kuchemsha. Nilimkuta amekaa kitandani, simu iko juu ya godoro inalia, yeye anaitazama tu.

Akaniambia, "Yaya, umenivua nguo mbele ya watu."

Nami nikamjibu maneno ambayo nayasoma leo kwa aibu. Nikasema, "Nimekuombea! Tangu lini maombi yakawa aibu?" Kisha nikaongeza, "Mimi niliyeacha shule kwa ajili yako, leo ndiyo asante yangu?"

Lile neno la shule lilikuwa limekaa ndani yangu tangu siku ya nne darasani. Nilidhani halipo. Lilipotoka lilikuwa na meno.

Wiki ile ile alipata kazi katika nyumba ya wazee huko magharibi, karibu na milima mikubwa ya Rocky, akaondoka na sanduku moja. Bahati ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa zamu, nafunga kuku, na kila ndege iliyopita juu ya paa la kiwanda nilisema, labda ni hiyo.

Zikapita baridi mbili. Nikimpigia hapokei. Nikimwandikia anajibu baada ya siku tatu: "Niko sawa, Yaya." Maneno matatu tu! Ningeona heri anitukane.

Mtaniuliza, kwa nini hukumwomba msamaha? Ee, ndugu zangu. Ninyi mnajua kwetu. Mkubwa haombi msamaha kwa mdogo. Mkubwa anatuma nguo, mkubwa anatuma chakula, mdogo anaelewa, mambo yanakwisha bila mtu kufungua kinywa. Nikamtumia ndagala waliofungwa mifuko mitatu wasinuke. Nikamtumia unga wa muhogo. Nikamtumia kofia ya sufu. Alishukuru kila kitu, na kila shukrani iliishia pale pale: "Niko sawa, Yaya." Bahati akaniambia, "Yaya, huyu hana njaa. Umemtumia vyakula vya kutosha kufungua duka." Nikamwambia anyamaze, yeye ni wa katikati, hajui mambo ya wakubwa.

Wakati huo mikono yangu ikaanza kuvimba. Miaka mingi ya baridi ya kiwandani na nyama ya barafu si mchezo. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu hata kufunga vifungo vya koti. Mkanipaka mafuta ya upako hapa madhabahuni. Nashukuru. Lakini Bahati, bila kuniuliza, alimwambia Mapendo. Na siku moja, baada ya "niko sawa" nyingi sana, ujumbe ukaja mrefu kuliko yote:

"Yaya, mji ninaokaa una chemchemi za maji moto. Yanatoka ndani ya mlima. Wazee ninaowahudumia wanasema yanasaidia mikono. Kama unataka, njoo."

Niliusoma ndani ya basi mpaka nikashuka kituo kisicho changu.

Nikatangaza safari. Sikusema naenda kwa mdogo wangu. Nilisema naenda kwenye maji. Na ninyi mama zangu, msijifanye hamkumbuki! Mama Jozefina alisema ni kama birika la Bethesda, na wiki ile mlinipa chupa ndogo, sita kwa hesabu, kila moja ina jina kwenye kipande cha plasta. Chupa ya goti. Chupa ya mgongo. Chupa ya mtoto asiyelala. Mkaniwekea na kichupa cha mafuta ya upako, nijipake kabla sijagusa maji, ili imani iwe kamili.

Nami nilikuwa na mpango wangu wa siri. Nilijiambia: maji yataniponya mikono, Mapendo ataona muujiza, atafurahi, na katika furaha ile mambo yetu yatapita yenyewe bila mimi kusema kitu. Nilimwekea Mungu mtego, ndugu zangu. Nilitaka afanye kazi yangu.

Ndege kwa muda wa saa nne, kisha basi kwa muda wa saa mbili. Milima ikaanza kutokea dirishani, si kama ile ya kwetu Uvira yenye mashamba mpaka juu. Hii ni mawe matupu na theluji, inakutazama bila kupepesa. Mji wenyewe, Banff, ni mdogo, nyumba za mawe na mbao, kama umewekwa na mtu kwenye kiganja cha mlima. Mapendo alikuwa kituoni amevaa kofia yangu ya sufu. Amekonda kidogo. Tukakumbatiana, fupi, kama watu wanaosalimiana msibani.

"Karibu, Yaya."

"Asante. Unakula?"

"Nakula."

"Huli."

"Yaya, hata mzigo hujaweka chini."

Kesho yake alinipeleka kwenye pango la chemchemi ya zamani. Si pahali pa kuogea, watu huenda kuliona tu. Unapita njia nyembamba ndani ya mwamba, na kabla hujaona kitu pua inakukaribisha. Nikasimama.

"Mapendo, nani ameacha mayai yameoza huku?"

"Ndiyo maji yako ya uponyaji hayo."

"Hayo?"

"Ni kiberiti cha ndani ya mlima. Ulidhani muujiza unanukia manukato?"

Alicheka. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia baridi mbili! Nikaanza kumpa Mungu utukufu mapema.

Ukutani kuna picha za kale. Mapendo alinieleza kwamba wenyeji wa nchi hii walikuwa wanakuja kwenye maji haya tangu zamani sana, kisha wakaja wajenga reli, kisha wagonjwa kutoka mbali kwa treni: wanawake wenye nguo ndefu za sufu za kuogea, wanaume wenye mikongojo. Nilisimama mbele ya mwanamume mmoja wa kwenye picha, mikono yake imekunjamana kama yangu. Nikasema, huyu naye alipanda treni ana mpango wake.

Nje ya pango kuna kidimbwi kidogo, maji ya kijani yanatoa mvuke, na kuna uzio. Mapendo alikuwa ametangulia hatua chache. Nikaona hii ndiyo saa yangu. Nikatoa kile kichupa, nikajipaka mafuta ya upako mikono yote miwili mpaka viwiko. Nikatoa chupa ya kwanza, ya goti. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono chini ya uzio.

"Mama! Tafadhali! Usiguse!"

Alikuwa mhudumu, msichana mwenye kofia pana. Alikuja mbio, akanishika bega taratibu, akasema maneno mengi ya Kiingereza kwa upole sana, akionyesha maji, akionyesha mikono yangu. Mapendo akarudi. Akanisaidia kusimama. Nilitegemea atachukia. Lakini alinieleza polepole, kama anavyowaeleza wazee wake.

"Yaya, humu ndani kuna konokono. Wadogo, kama punje ya mtama. Duniani kote hawapo mahali pengine, ni kwenye chemchemi za mlima huu tu. Ndiyo maana hairuhusiwi kutia hata kidole. Mafuta ya ngozi tu yanaweza kuwadhuru."

Nikamwambia, "Haya ni mafuta ya upako."

Akanitazama. Akasema, "Konokono hawajui, Yaya. Hata kama una nia njema, wanakufa."

Ndugu zangu! Nimesikia mahubiri mengi. Nimefunga, nimekesha, nimehudhuria semina. Hakuna neno lililonichoma kama lile, na aliyelisema hakuwa anahubiri, alikuwa anazungumza habari za konokono. Niliinama, nikatazama. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona nukta nyeusi kwenye utando wa kijani, nukta ndogo, inasogea. Mji mzima umeweka uzio kwa ajili ya nukta ile. Watu wanatoka nchi za mbali, wanafika, wanaambiwa usiguse, wanarudisha mikono yao. Na mimi, niliyepewa kiumbe mmoja na Mama yangu, ambaye hayupo mwingine kama yeye duniani kote, niliingiza mikono yangu yenye upako mpaka viwiko.

Nilikaa kwenye benchi. Mapendo akadhani ni mikono inauma. Akaniuliza. Neno lilikuwa limefika hapa kooni, lakini ukubwa wangu ulikuwa umekaa juu yake kama jiwe la kusagia.

Tukarudi nyumbani. Nikamuuliza tu kama chupa tunaweza kujazia kwenye lile bwawa wanakooga watu. Akaniambia, "Yaya, utawapelekea mama wa kanisa maji waliyoogea watalii?" Kwa hiyo mama zangu, chupa zenu zote sita nimezirudisha tupu, ziko pale mezani, kila mtu achukue yake. Mnisamehe. Sababu mmeisikia.

Siku ya tatu akanipeleka kwenye hilo bwawa. Liko juu mlimani, nyumba ya zamani ya mawe, na bwawa liko nje chini ya anga, maji yanafuka moshi kama sufuria ya ugali. Mimi nilikuwa na nia ya kuingia nimejifunga kitenge. Mapendo akasema watanitoa. Alikuwa ameninunulia nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu na suruali, kama wanazovaa majirani zetu Waislamu wa Rexdale. "Hata mchungaji angeipitisha," akaniambia. Mchungaji, nisamehe, hayo ni maneno yake.

Lakini tulipoingia chumba cha kubadilishia, nilikuta wanawake wako wazi, kila mmoja anavua anavaa, wanaongea habari za theluji kana kwamba wako jikoni. Vyumba vya pazia vilikuwa vimejaa. Mimi nikasimama na nguo yangu mkononi. Nina umri huu wote, na tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniona, hata huyu niliyemlea. Machozi yakaanza kunitoka kwa aibu. Nikasema, "Twende nyumbani. Mimi hata kwetu naoga kwa ndoo."

Mapendo akafungua mkoba wangu, akatoa kitenge. Kile cha bluu. Cha Mama. Kimechakaa, maua ya manjano yamekuwa rangi ya mchanga, lakini mimi sisafiri bila hicho. Akakikunjua. Akanipa mgongo, akanyoosha mikono yake miwili, uso wake akautazamisha mlangoni wanakopita watu.

"Vaa, Yaya," akasema. "Sitazami."

Ndugu zangu, nilikuwa nyuma ya kitenge kile, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua kunakuwaje upande wa ndani. Nikaona mwanga unapita kwenye kitambaa. Nikaona vidole vyake vimeshika pembe mbili. Nikajua kwamba mtu akiwa pale nyuma hana ulinzi wowote duniani isipokuwa yule anayeshika. Akishusha, basi. Na mimi nilishusha! Si kambini mbele ya wapita njia. Nilishusha hapa, kanisani, mbele ya watu wanaotupenda, nikaita jambo lile imani.

Nikafungua kinywa. Nikasema, "Mapendo. Nisamehe."

Kitenge kikatetemeka.

Nikasema tena, maana sasa jiwe lilikuwa limeanguka, maneno yakaja yenyewe. "Uliniambia ni letu wawili, mimi nikalitoa. Sikukuombea, nilikuvua. Na ile habari ya shule, si wewe uliyeniachisha. Ulikuwa mtoto wa miaka miwili. Nilichagua mwenyewe, na ningechagua tena."

Wanawake waliokuwa karibu hawakuelewa lugha, lakini walipunguza sauti zao.

Mapendo akasema, "Yaya, umeshavaa?"

"Bado."

"Vaa kwanza. Mikono yangu inakatika."

Nikacheka nikilia! Nikavaa mguu wa suruali kwenye mkono, nikavua, nikavaa upya. Yeye hakushusha. Nikamwita, "Tayari!" Ndipo akageuka, akanitazama, uso wote umelowa, akaniambia, "Nimekusikia, Yaya. Usitegemee nitasahau leo leo. Lakini nimekusikia." Nami nikasema, "Chukua muda wako. Mimi nitasubiri. Nimezoea kusimama."

Tukaingia majini. Naogopa maji mengi, wengi wenu mnajua, tangu ile safari ya ziwani. Akanishika mkono, ngazi kwa ngazi. Theluji ilikuwa inaanguka, inatua kwenye nywele zetu, na mwili uko ndani ya joto mpaka shingoni. Joto lile nililijua. Ni lile lile la bidoni ya alasiri! Mzee mmoja mwenye ndevu zilizoganda barafu alitutabasamia. Tukakaa kwenye kona, mabega yakigusana, na Mapendo akaanza kuniambia habari za miaka ile miwili.

Hapa amekata mstari wa pili, na wa tatu. Nanyamaza.

Mtataka kujua mikono yangu. Nitasema kweli, maana mbele za Mungu sitapamba: mikono yangu bado inavimba asubuhi. Daktari amenipa dawa na kiwandani wamenihamishia kwenye meza ya kubandika lebo, ambako hakuna barafu. Lakini Bwana alikuwa na ugonjwa mwingine wa kuponya. Aliniponya ulimi. Aliniponya ukubwa. Alinitoa katika kifungo nilichokiita upendo. Mwimbieni!

Sasa nawashukuru. Namshukuru Mungu, Baba wa yatima, aliyetulea watatu mpaka leo. Namshukuru Bahati, ambaye kwa kutokunyamaza nilipomwambia anyamaze, ndiye aliyetufungulia njia. Nanyi kanisa nawashukuru, maana siku ile mlinyoosha mikono kwa upendo, nami ndiye niliyewapa kisichokuwa changu.

Na ninakuomba wewe unayenisikiliza. Labda una mdogo wako, au mtoto, au mke, aliye mbali na wewe, na kila ukimpigia anasema yuko sawa. Usimtumie ndagala. Mtumie neno. Mwamini Yesu akupe ujasiri wa kulisema, hata kama wewe ni mkubwa, hata kama kwenu haijawahi kufanyika. Na ukija hapa mbele kushuhudia, na mimi nataka uje, shuhudia yako. Ikiwa ni ya mwenzako, kamuulize kwanza. Asipokubali, Mungu anasikia hata ukinong'ona chini ya blanketi.

Kuna mstari mmoja zaidi aliokata, wa nne. Nao ulikuwa wa sifa zake mwenyewe, nilikuwa nimemsifu sana, akakata. Huo ndio pekee ninaosikitika kuunyamazia.

Ndugu zangu, hapa ndipo maandishi yangu yanaishia. Lakini karatasi iliporudi kwa posta, kule chini kabisa, nilikuta maneno ambayo si ya mwandiko wangu. Niliyasoma nikiwa nimesimama kwenye lifti, na lifti ikapita ghorofa ya kumi na moja, ikaenda mpaka juu, ikarudi. Mapendo ameandika kwa kalamu yake nyekundu:

"Tayari, Yaya."

Amina.